Mwezi Gani Tulichanga Wote? Swali Ambalo Chama Chenu Kinafaa Kuuliza

Mwaka ukielekea kuisha, kuna mkutano mmoja ambao hakuna mwanachama anayetaka kuukosa: ule wa kugawana. Daftari linafunguliwa, hesabu inasomwa, na kila mtu anajua atarudi nyumbani na ngapi. Kuna aliyepanga kununua tangi la maji, kuna wa karo ya Januari, kuna wa mbuzi wa Krismasi (hatumhukumu mtu). Na kuna vyama ambavyo mkutano huo haufiki. Viliishia njiani, mwezi wa saba ama wa nane hivi. Si lazima mtu awe ametoroka na pesa. Mara nyingi watu waliacha tu kuja, mmoja mmoja, simu zikawa hazishikwi, na waliobaki wakagawana kilichokuwepo na kununiana kanisani.

Leo tunataka kuongea kuhusu hao waliobaki wakinuniana. Mambo ya wizi wa pesa kwa simu tumeyaandika mara nyingi na tutaendelea kuyaandika. Lakini chama ni timu kabla ya kuwa akaunti, na timu inaweza kufa hata kama kila shilingi iko mahali pake.

Kwa hivyo twende Kibugu.

Kama hujafika, Kibugu iko upande wa Manyatta, kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ni nchi ya kahawa, migomba, makadamia na ng'ombe wa maziwa, na ukizidi kupanda kuelekea msituni unaingia kwenye majani chai. Tumechagua Kibugu kwa sababu watu wa huko, kama majirani wao wa Embu na Meru, wamelelewa ndani ya timu ngumu kuliko chama chochote: chama cha ushirika cha kahawa.

Fikiria inavyoenda. Mkulima anachuma kahawa iliyoiva, zile nyekundu, anazibeba hadi kiwandani. Pale zinamwagwa chini na anazichambua mwenyewe, za kijani na zilizoharibika zinawekwa kando. Halafu mzani. Kilo zinaandikwa, anapewa risiti. Baada ya hapo kahawa yake inapotea, manake inaingia kwenye mashine moja na ya jirani, inamenywa, inachachushwa, inaoshwa na kuanikwa pamoja. Hakuna mtu anaweza kuonyesha kwa kidole kahawa yake tena. Bei itategemea ubora wa mzigo wote, na malipo yatakuja miezi kadhaa baadaye, kila mtu akilipwa kiwango kilekile kwa kilo.

Unaona hatari iko wapi? Ukichanganya za kijani ndiyo kilo ziongezeke, wewe unapata kidogo leo, lakini kikombe kinaharibika na jirani zako wote wanalipwa kidogo zaidi. Ndiyo sababu kuchambua hufanywa mbele ya watu, na mzani uko mahali ambapo kila aliye kwenye foleni anaweza kuuona. Pale kiwandani hakuna anayeambiwa "niamini tu". Anaonyeshwa.

Na pale ambapo watu hawakuonyeshwa, tunajua kilichotokea. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 kupunguza mkono wa serikali, vyama vingi vikubwa vya kahawa katika eneo la Mlima Kenya viligawanyika kuwa vidogo vidogo, wakati mwingine kiwanda kimoja kimoja. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na madeni zikiwemo, lakini shuku kuhusu vitabu vya hesabu haikukosa. Mkulima asiyejua kahawa yake ilileta ngapi hukaa akidhani imeleta zaidi ya alicholipwa. Hiyo ni tabia ya binadamu yeyote, si ya watu wa kahawa pekee.

Sasa turudi kwa chama chako.

Simu ya mweka hazina

Wacha tutumie kikundi cha mfano. Ni cha kufikirika, lakini tuna hakika utakitambua. Wanachama 18, wengi akina mama, wanaishi Kibugu na vijiji vya karibu. Kila mmoja anachanga shilingi 500 kwa wiki kwa wiki 50. Hiyo ni 25,000 kwa mtu, na 450,000 kwa kikundi chote. Pesa zinatumwa kwa simu ya mweka hazina, ambaye ni mtu mzuri, anaaminika, na alichaguliwa kwa makofi.

Je, 450,000 zinaweza kukaa kwenye simu ya mtu mmoja? Zinaweza. Tangu Agosti 2023 kiwango cha juu cha salio la pesa kwa simu hapa Kenya kilipandishwa hadi 500,000, na unaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja. Inawezekana kabisa. Sisi tunasema msifanye, hata kama mweka hazina wenu ni mtakatifu, na hasa kama ni mtakatifu.

Kwa nini? Pesa zikiwa kwenye laini ya mtu, kwa macho ya mtandao ni zake. Simu ikiibiwa na mtu akajua namba yake ya siri, zimeenda. Mweka hazina akilazwa hospitalini, kikundi kinangoja. Akiaga, Mungu apishe mbali, pesa hizo zinaingia kwenye mambo ya urithi wa familia yake, na nyinyi 17 mtakuwa mnaenda matangani mkiwa na huzuni mbili. Halafu kuna ile hali ya saa nane usiku, mtoto ana homa, gari la kumpeleka Embu mjini linahitaji kulipwa, na kwenye simu kuna laki nne na nusu. "Elfu tatu tu, nitarudisha Ijumaa." Huyo si mwizi. Ni mzazi. Lakini kuanzia hapo kuna kitu anachojua ambacho wengine hawajui, na mkutano unaofuata atasoma hesabu haraka haraka.

Na hata asipogusa kitu, ataumia. Mweka hazina mwaminifu ndiye mtu anayebeba mzigo mkubwa zaidi kwenye chama kisicho na uwazi. Akinunua hata kiatu kipya, watu wanahesabu.

Watu wa vikundi vya kuweka na kukopa waliona shida hii zamani, kabla ya simu kuingia. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger mfumo wa vikundi vya akiba vya wanawake, ambao baadaye ulisambaa Afrika nzima. Pesa zao zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua, na halifunguliwi ila mkutanoni. Lakini kwetu sisi kilicho kizuri zaidi ni hiki: mwisho wa mkutano salio linatangazwa na kila mwanachama analiweka kichwani. Mkutano unaofuata, kabla ya sanduku kufunguliwa, watu wanaulizwa: tuliacha ngapi? Hata asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi wa hesabu.

Mfumo huo ulifika Zanzibar pia, kwa vikundi vya karibu na msitu wa Jozani. Mradi ulipomalizika na wafadhili wakaondoka, mtu angetarajia vikundi vife. Viliongezeka. Wenyeji waliendelea kufundishana wenyewe, manake kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake jinsi sanduku linavyofanya kazi.

Kufuli tatu za simu ni zipi basi? Ya kwanza ni akaunti ya jina la kikundi, inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha kabla pesa hazijatoka. Kikundi kikisajiliwa ni rahisi kuipata. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kwa kawaida watu wasiopungua 10, viongozi waliochaguliwa na katiba, kwa hivyo wale 18 wetu wako sawa. Ya pili, kila mtu atume mchango wake mwenyewe kutoka laini yake, asimpe mwenzake noti amtumie. Hivyo jina linabaki kwenye rekodi. Ya tatu ni ile ya Niger: salio lisomwe kwa sauti kila mkutano, lilinganishwe na daftari, na watu waliweke kichwani. Hapa kuwa makini. Someni salio lenyewe mkiwa mmeliuliza pale pale mbele ya watu, si meseji ya mtu iliyotumwa kwenye grupu ya WhatsApp. Meseji ya "umepokea" mtu anaweza kuiandika mwenyewe akiwa sebuleni kwake.

Na kama kawaida: namba ya siri ya mtu ni yake peke yake, hata kwenye akaunti ya kikundi. Sisi hatutakupigia simu kamwe kuiuliza.

"Kuinuana" si lengo

Tukishamaliza kufuli, tuje kwa lengo. Fungua katiba ya chama chochote na karibu ukurasa wa kwanza utaona: lengo letu ni kuinuana kiuchumi. Sentensi nzuri. Haimzuii mtu yeyote kukosa kuchanga wiki hii.

Lengo linalofanya kazi lina namba na tarehe, na kila mtu anaweza kujiona ndani yake. Kwa wale 18, lengo la kikundi ni 450,000 ifikapo wiki ya 50. Lakini kando ya kila jina kwenye daftari iandikwe 25,000 zake zitafanya nini. Tangi. Karo ya shule ya sekondari. Kumalizia ng'ombe aliyelipiwa nusu. Hapo ndipo mwanachama akikosa kuchanga mara mbili, mwenzake anaweza kumuuliza "Mama, na lile tangi?" badala ya "Wewe unatuangusha." Ni maneno mawili tofauti kabisa kwa masikio ya mtu ambaye tayari ana aibu.

Usishangae mkigundua kwamba hamtaki kitu kimoja. Hili ni la kawaida na halisemwi. Kuna wanaopenda merigo, yaani pesa zizunguke, kila wiki mtu mmoja apokee 9,000 zote afanyie jambo. Kuna wanaotaka zilale hadi Desemba. Makundi haya mawili yanaweza kukaa chama kimoja miaka mitatu yakilaumiana juu ya "kutokuwa serious" wakati shida ni kwamba kila kundi liko kwenye chama tofauti kichwani mwake. Dawa yake hata si ngumu: 300 iende akiba, 200 izunguke. Anayepokea anapata 3,600 kwa zamu, na Desemba bado kuna kitu. Ama mgawanyike kwa amani muwe vyama viwili. Sisi hatuoni ubaya wowote wa chama kugawanyika kabla watu hawajaanza kununiana.

Vijana wa boda boda wanatushinda hapo. Kwenye stage ukimuuliza mmoja wanachanga kwa nini, atakwambia bila kufikiria: mwenzetu akianguka alipiwe hospitali, na pikipiki ikiharibika itengenezwe. Kila mmoja ameshaona anguko. Hakuna haja ya kukumbushwa.

Swali linalofukuza watu

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Mkutano wa kawaida wa chama huanza na maombi, halafu mwenyekiti anauliza: "Nani hajalipa?" Kimya. Watu wanatazama viatu. Katibu anasoma majina matatu, wanatozwa faini ya 50 kila mmoja, mmoja anajieleza sana, mwingine hajaja hata mkutano. Wiki ijayo aliyekosa ana deni la 500, faini, na aibu. Wiki inayofuata anaona ni rahisi kukaa nyumbani. Ndivyo kikundi cha watu 18 kinavyokuwa cha 11 bila mtu yeyote kufukuzwa.

Hatusemi faini ni mbaya. Tunasema swali hilo halileti habari yoyote mpya. Mlijua nani hajalipa kabla ya kuuliza. Rekodi ziko kwenye simu.

Mwaka 1980 mwanafunzi mmoja Mmarekani, David Cooperrider, wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kule Cleveland, Ohio, alikuwa anafanya utafiti kwenye hospitali kubwa ya mji huo, Cleveland Clinic. Kazi ilianza kwa njia ya kawaida, kutafuta nini hakiendi sawa. Kilichomvutia ni upande wa pili: jinsi watu wa pale walivyokuwa wanashirikiana vizuri. Kwa kuungwa mkono na mwalimu wake, Suresh Srivastva, akageuza utafiti, akaanza kuuliza ni lini mambo yalienda vizuri na kwa nini. Mwaka 1987 wawili hao walichapisha makala yaliyoipa mbinu hiyo msingi. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita maswali ya kuthamini. Wazo lake ni kwamba kikundi huelekea kule kinakouliza. Ukiuliza kila wiki nani ameshindwa, mnakuwa mabingwa wa kushindwa, na mnakijua kushindwa kwenu kila kona yake. Hamjui hata kidogo siku mlizofaulu mlifauluje.

Inasikika kama maneno ya semina ya hotelini, tunakubali. Lakini imejaribiwa na watu wanaofanana na wateja wetu. Miaka ya mwisho ya tisini hadi 2001, nchini Nepal, shirika la Pact liliendesha mpango wa vikundi vya akiba uliofikia wanawake zaidi ya laki moja vijijini. Walijifunza kusoma, kuweka akiba na kukopeshana pesa zao wenyewe, na mbinu hii ya kuthamini ilikuwa ndani ya mikutano yao: watu walianza na kile walichokwisha kukifanya vizuri, wakapanga hatua inayofuata kutoka hapo. Mpango huo baadaye uliitwa WORTH na ukaletwa Afrika, Tanzania ikiwemo.

Turudi kwa wale 18. Siku moja mwenyekiti anabadilisha swali. Anauliza: "Ni mwezi gani tulichanga wote, kila mtu, kwa wakati? Mnakumbuka?"

Watu wanacheka kwanza. Halafu mmoja anasema, si ilikuwa Oktoba. Wanafungua rekodi. Kweli, Oktoba wiki zote nne ziko kamili. Kwa nini Oktoba? Kwa sababu wenye chai walikuwa wameshapokea bonasi. Mwingine anasema hapana, hata Juni kuna wiki mbili tulichanga wote, na hatukuwa na bonasi. Katibu anakumbuka: zile wiki alikuwa anawapigia watu Jumatano, siku moja kabla. Aliacha simu ilipoharibika, na hakuna aliyemwomba aendelee. Halafu mwenyekiti anamgeukia mwanachama mzee kuliko wote. "Shosho, wewe hujawahi kuchelewa hata siku moja. Hebu tuambie, unafanyaje?"

"Mimi hutoa ya chama siku ile maziwa yanalipwa," anasema. "Kabla pesa haijaona duka."

Kwa dakika 20 kikundi kimepata kitu ambacho "nani hajalipa" lisingeleta mwaka mzima. Wamegundua kwamba 500 kila wiki ni mpango wa mtu wa mshahara. Wao si watu wa mshahara. Chai hulipwa kila mwezi kidogo kidogo, halafu bonasi mara moja. Kahawa huvunwa zaidi Oktoba hadi Desemba, na pesa zake huja mwaka mwingine. Maziwa yana siku yake. Januari shule zinafunguliwa na hakuna nyumba isiyotikisika. Mei na Agosti vivyo hivyo. Wanaochelewa hawakuwa wazembe. Kalenda ya chama ilikuwa inapigana na kalenda ya shamba.

Kwa hivyo wanapanga upya. Wiki 20 ngumu za mwaka, kila mtu achange 200. Wiki 30 zilizobaki achange 700. Piga hesabu: 4,000 na 21,000, jumla ni zile zile 25,000. Kikundi bado kinafika 450,000. Siku ya kuchanga inahamishwa iwe kesho yake ya malipo ya maziwa. Katibu anapewa muda wa maongezi na kikundi ili apige zile simu za Jumatano. Hakuna aliyehubiriwa kuhusu nidhamu.

Ukitaka kujaribu, usianze na watu wote pamoja, kwa sababu wanaoongea ni walewale. Wapange wawili wawili, dakika kumi, kila mmoja amwambie mwenzake hadithi moja ya siku chama kilimfaa kweli. Hadithi, si maoni: ilikuwa lini, nani alifanya nini. Kisha kila mmoja asimulie ya mwenzake kwa kikundi. Baada ya hapo muulizane, kama siku zote zingekuwa hivyo chama kingekuwaje, tubadilishe nini, na nani afanye nini kufikia lini. Waliobobea huita hatua hizo kugundua, kuota, kupanga na kutekeleza. Majina hayana maana sana. Kilicho muhimu ni kutoka mkutanoni na jambo moja au mawili yaliyoandikwa, yenye jina la mtu kando.

Lakini pesa zikikosekana

Hapa hatutaki mtuelewe vibaya. Kama hesabu ya daftari ni 212,000 na akaunti ina 187,000, huo si wakati wa kuuliza ni lini tulifurahi. Hizo ni 25,000 za mtu mmoja, mwaka wake mzima. Ulizeni zimeenda wapi, ombeni taarifa ya akaunti, mpitie mstari kwa mstari mkiwa wote, na msiondoke bila jibu ama tarehe ya jibu. Maswali ya kuthamini yanafaa kwenye kikundi ambacho hesabu zake ziko wazi. Pasipo na uwazi yanageuka kuwa blanketi la kufunika mambo, na tumesikia viongozi wakisema "tusiongee mabaya, tuongee mazuri" wakati mabaya ndiyo yaliyokula pesa.

Pia kuna sifa za upendeleo. Kama kila wiki anayesifiwa ni rafiki ya mwenyekiti, watu wataona. Sifa ikae kwenye kitu kinachoonekana kwenye rekodi: tarehe, kiasi, simu iliyopigwa.

Na msitarajie aibu iishe mara moja. Mwanachama aliyekosa wiki sita ataendelea kukaa nyuma hata mkibadilisha swali. Huyo atumwe mtu mmoja, nyumbani, bila daftari. Amuulize anaweza kurudi na ngapi kwa wiki, hata kama ni 100. Kikundi kikubali ama kikatae kwa kura, na iandikwe. Kumrudisha mtu mmoja anayelipa polepole ni nafuu kuliko kumtafuta mgeni ambaye hamjui anaishi wapi.

Kwa mkutano wenu ujao, kabla ya kitu kingine chochote na kabla mtu hajashika simu, kila mmoja ataje kwa sauti salio mlilofunga nalo mara ya mwisho. Zikitoka namba mbili tofauti, fungueni taarifa ya akaunti kabla chai haijamiminwa.